Kasi na Kiasi: Tahakiki ya Istilahi za Vidonge vya Sonona Vitoavyo Dawa Polepole

Utangulizi

Istilahi hupimwa mahali pawili: katika kikao cha wataalamu wanaoipitisha, na mkononi mwa mtu atakayeitumia. Istilahi nyingi hufaulu mtihani wa kwanza zikaanguka ule wa pili. Katika nyanja kadha wa kadha hasara yake si kubwa. Mwanafunzi asiyeelewa jina la tawi fulani la sarufi atamwuliza mwalimu wake, na mambo yakaendelea. Katika nyanja ya dawa hali si hiyo. Mgonjwa aliyepewa kidonge pamoja na karatasi ya maelezo huenda nyumbani kwake, na huko hana wa kumwuliza ila ile karatasi.

Makala haya yanakusudia kuchunguza istilahi na vifungu vya maneno vinavyotumika katika Kiswahili kueleza jambo moja mahsusi, yaani vidonge vya kutibu sonona vilivyotengenezwa ili vitoe dawa kidogo kidogo kwa saa nyingi, na jinsi vidonge hivyo vinavyoathiri kiwango cha dawa katika damu. Tumechagua jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, elimu yake imejengwa juu ya tofauti ndogo ndogo ambazo lugha ikizichanganya, maana yote huharibika. Pili, maandishi ya Kiswahili kuhusu dawa hizi yanazidi kuongezeka, si katika Afrika Mashariki peke yake, bali hata Marekani, ambako wasemaji wa Kiswahili waliotoka Kongo, Burundi na kwingineko hutibiwa katika hospitali na kuhitaji maelezo kwa lugha waielewayo. Baadhi ya maandishi hayo siku hizi hufasiriwa na mashine, kisha mtu huyapitia kwa haraka. Hapana budi basi tuseme wazi ni maneno gani yanafaa na yapi hayafai.

Neno sonona lenyewe halitatushughulisha. Limekwisha kupata makao, na limetuondolea mchanganyiko wa zamani baina ya ugonjwa huu, huzuni ya kawaida na msongo wa mawazo. Kasoro zimo katika maneno yanayolifuata.

Jambo lenyewe

Haiwezekani kuhakiki istilahi bila ya kuelewa kitu kinachoitwa. Mgonjwa akimeza kidonge cha kawaida, kidonge huyeyuka upesi tumboni, dawa hufyonzwa, na kiwango chake katika damu hupanda hadi kileleni kisha hushuka. Kidonge kitoacho polepole kina ganda au kiini kinachoizuia dawa isitoke yote kwa mara moja. Kwa hiyo kilele huchelewa kufika, na mara nyingi huwa kifupi zaidi, ila mteremko wake ni wa taratibu.

Mfano mzuri ni venlafaksini. Maelezo rasmi ya dawa hiyo nchini Marekani hulinganisha namna mbili za kutumia miligramu 150 kwa siku. Mtu akitumia kidonge cha kawaida cha miligramu 75 kila baada ya saa 12, kilele cha dawa katika damu hufikia nanogramu 225 kwa mililita, na hufika baada ya saa 2 hivi. Akitumia kapsuli ya kutoa polepole ya miligramu 150 mara moja kwa siku, kilele ni nanogramu 150 kwa mililita, nacho hufika baada ya saa 5 na nusu. Hata hivyo jumla ya dawa iliyoingia mwilini ni ile ile. Kilichobadilika ni mwendo wake, jumla haikuguswa. Wahenga walikwisha kusema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hapa kibaba ni kimoja, ila mmoja amekijaza kwa kumimina na mwingine kwa haba na haba.

Duloksetini nayo ina habari nyingine. Chembe zilizomo ndani ya kapsuli yake zimevikwa ganda linalohimili asidi ya tumbo. Dawa hii huharibiwa na asidi, hivyo ganda hulizuia tumbo lisiifikie mpaka chembe zifike utumboni. Kwa muda wa saa 2 hivi baada ya kumeza hakuna dawa inayofyonzwa. Kisha ufyonzwaji huanza, na kilele hufika baada ya saa 6. Ganda hili halikuwekwa ili dawa itoke kidogo kidogo kutwa nzima. Limewekwa ili dawa isitoke kabla ya mahali pake. Ni kusudio tofauti kabisa na lile la venlafaksini, ijapokuwa saa za kilele zinakaribiana.

Dawa ya tatu, ambayo ndiyo itakayotupa kisa chetu, ni bupropioni. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1985 kwa jina la Wellbutrin, ikasimamishwa mwaka 1986 kwa sababu ya degedege iliyowapata baadhi ya wagonjwa, ikarudishwa mwaka 1989 kwa masharti kwamba dozi ya siku isizidi miligramu 450. Hatari ya degedege huongezeka kadiri dozi inavyoongezeka. Kwa hiyo namna dawa inavyotoka katika kidonge ni jambo la usalama, wala si la kumpunguzia mgonjwa usumbufu tu. Leo bupropioni inapatikana kwa sura tatu: kidonge cha kawaida kinachomezwa mara tatu kwa siku, ambacho kilele chake hufika mnamo saa 2, kidonge chenye alama SR, cha mara mbili kwa siku, ambacho kilele chake ni baada ya saa 3 hivi, na kidonge chenye alama XL, cha mara moja kwa siku, ambacho kilele chake ni baada ya saa 5 hivi. Sura hii ya mwisho iliidhinishwa mwaka 2003.

Kisa cha mwaka 2012

Mwezi Desemba mwaka 2006, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha kidonge cha bupropioni kilichotengenezwa na kampuni ya Impax na kuuzwa na kampuni ya Teva kwa jina la Budeprion XL. Kidonge hiki kilikusudiwa kuchukua nafasi ya Wellbutrin XL kwa bei nafuu. Kilikuwa na aina mbili, cha miligramu 150 na cha miligramu 300. Kilichopimwa katika miili ya watu ni kile cha miligramu 150 peke yake. Kwa kuhofia degedege kwa watu wazima wenye afya wanaojitolea katika majaribio, kile cha miligramu 300 kilikubaliwa kwa kukisia kutokana na matokeo ya mwenzake.

Mara malalamiko yakaanza. Baina ya Januari na Juni mwaka 2007, Mamlaka ilipokea taarifa 85 za wagonjwa waliobadilishiwa kidonge cha miligramu 300 wakapata madhara au wakaona sonona inawarudia. Mwaka huo huo kampuni binafsi ya upimaji iitwayo ConsumerLab.com ilipima vidonge hivyo katika maabara, ikaona kwamba katika saa 2 za kwanza kile cha Teva kilikwisha kutoa asilimia 34 ya dawa yake, ilhali Wellbutrin XL ilitoa asilimia 8 tu. Mwaka 2008 Mamlaka ilitoa taarifa ikisisitiza kwamba dawa mbili hizo ni sawa, na kwamba kurudi kwa dalili kwaweza kuelezwa na tabia ya ugonjwa wenyewe, ambao hupanda na kushuka.

Hatimaye Mamlaka ilifanya uchunguzi wake yenyewe kwa watu 24 wenye afya, mara hii kwa kutumia kidonge cha miligramu 300. Matokeo yalitangazwa tarehe 3 Oktoba, 2012. Jumla ya dawa iliyofika katika damu ilikuwa asilimia 86 ya ile ya Wellbutrin XL, na kilele kilikuwa asilimia 75. Kidonge kiliondolewa sokoni. Kampuni nyingine nne zilizokuwa zikiuza vidonge vya aina hiyo vya miligramu 300 zilitakiwa kuvipima. Mwaka 2013 kimoja kati ya hivyo, cha kampuni ya Watson, nacho kikaonekana hakifai kikaondolewa, na vitatu vikafaulu.

Mfasiri na atazame kwa makini mambo mawili katika kisa hiki. La kwanza, kidonge kilichoachia dawa yake upesi zaidi katika chombo cha maabara ndicho kilichotoa kilele cha chini zaidi katika damu. Yaani dawa kutoka katika kidonge ni jambo moja, na dawa kufika katika damu ni jambo jingine. La pili, mgonjwa aliambiwa kwa miaka sita kwamba vidonge viwili ni sawa, na neno hilo sawa lilikuwa likibeba maana ya kitaalamu ambayo yeye hakuijua. Tukiwa na mambo haya mawili mkononi, sasa tuyahakiki maneno yetu.

Tahakiki ya maneno

Tuanze na jina la vidonge vyenyewe. Katika tafsiri tunazoziona limo neno toleo, kama katika kifungu toleo la muda mrefu au toleo lililoongezwa. Kifungu hiki ni kazi ya mtu, au mashine, iliyofuata neno la kigeni bila ya kutazama kitu. Msomaji wa Kiswahili akisikia toleo hufikiri gazeti au kitabu. Karatasi ya dawa inayomwambia mgonjwa ameze toleo la muda mrefu haikumwambia kitu.

Wengine husema dawa ya muda mrefu. Hili ni baya zaidi kwa sababu linaeleweka, ila linaeleweka vingine. Kwa mgonjwa, dawa ya muda mrefu ni dawa atakayoitumia miezi au miaka mingi, kama ilivyo kwa mwenye kisukari. Dawa za sonona kweli huweza kutumika miezi mingi, na hiyo ndiyo sababu kosa halitambuliwi: sentensi inasomeka vizuri, daktari haoni tatizo, na mgonjwa hajui kwamba anapaswa kukimeza kidonge bila ya kukivunja.

Wapo pia wasemao dawa inayotoa polepole. Hawa wamekaribia. Lakini dawa haitoi. Kidonge ndicho kinachotoa, na dawa ndiyo inayotolewa. Tena jina utoaji limekwisha kuelemea upande wa huduma na misaada, na katika lugha ya hospitali lina ndugu yake, utoaji mimba, ambaye hatungependa aje kikaoni. Tunapendekeza kitenzi kutoka na jina utokaji: dawa hutoka katika kidonge. Kwa hiyo kidonge cha utokaji polepole kitafaa kwa wataalamu, na kwa mgonjwa kidonge kinachotoa dawa polepole. Wasomaji wataona kwamba hatukutafuta neno moja fupi. Ipo imani miongoni mwetu kwamba istilahi isiyo neno moja si istilahi. Imani hiyo imetuzalia maneno mengi yanayolala katika orodha bila ya kuamka. Kifungu cha maneno matatu kinachoeleweka ni bora kuliko neno moja linalohitaji kifungu cha kulieleza.

Kasoro ya pili ni kuvichanganya vidonge vya polepole na vile vinavyongoja kufika utumboni. Katika maandishi kadhaa vyote huitwa vya kuchelewa au vilivyocheleweshwa. Kwanza, kuchelewa kwa Kiswahili ni lawama: dawa iliyochelewa ni ile ambayo meli yake haijafika bandarini. Pili, kama tulivyoona kwa duloksetini, makusudio ya ganda ni mbali mbali. Hapa mofolojia ya lugha yetu inatusaidia kuliko lugha nyingi. Kitenzi kufunguka kikipewa mnyambuliko wa kutendea huwa kufungukia, na papo hapo tunapata mahali ndani ya kitenzi. Tukisema chembe zifungukiazo utumboni tumetaja kitu, tendo na mahali, na hakuna atakayezichanganya na vidonge vya utokaji polepole. Mgonjwa naye akiambiwa ganda hili hufungukia utumboni, atajua mwenyewe kwa nini asilitafune.

Kasoro ya tatu inahusu zile alama SR na XL. Zote mbili hufasiriwa ya polepole, na tofauti ikapotea, ilhali moja ni ya mara mbili kwa siku na nyingine ni ya mara moja. Mfamasia akikosea baina ya hizo, mgonjwa aweza kumeza vidonge viwili vya miligramu 300 vilivyokusudiwa kimezwe kimoja, na jumla ya miligramu 600 imepita mpaka wa usalama tulioutaja hapo juu. Wapo waliopendekeza kidonge cha saa 12 na kidonge cha saa 24. Pendekezo hili lina nia njema, ila limesahau saa ya Kiswahili. Saa 12 kwetu ni alfajiri au magharibi. Mama atakayesoma kidonge cha saa 12 atakimeza jua linapochwa, na hatakuwa amekosea kusoma. Aliyekosea ni mwandishi. Tunapendekeza basi tutumie desturi ambayo wananchi wanaijua tangu zamani kutokana na bahasha za zahanati, yaani kutwa mara mbili na kutwa mara moja. Kidonge cha polepole cha kutwa mara moja hakina utata. Hata hivyo alama SR na XL zisiondolewe pembeni mwa jina, maana ndizo zilizochapwa juu ya chupa.

Kasoro ya nne ndiyo iliyotupatia anwani ya makala haya. Elimu nzima ya jambo hili husimama juu ya nguzo mbili: kasi ya dawa kuingia katika damu, na kiasi cha dawa kinachoingia. Venlafaksini ya polepole ina kasi ndogo na kiasi kile kile. Kidonge cha mwaka 2012 kilishindwa kwa kilele na kwa kiasi pia. Bahati mbaya, kasi na kiasi hutofautiana kwa herufi moja tu. Mchapaji akiidondosha ile i, sentensi husomeka bila ya dosari na maana imepinduka. Hatupendekezi kuyaacha maneno haya, kwa sababu ni mazuri na yanaeleweka na kila mtu. Tunapendekeza kwamba yasiachwe peke yake: tuandike mwendo wa kasi, au wepesi wa kuingia, kwa upande mmoja, na jumla ya kiasi kwa upande mwingine. Neno jumla likiwepo, kosa la chapa litajionyesha lenyewe.

Kasoro ya tano ni kubwa kuliko zote kwa watumishi wa serikali. Ile sehemu ya dozi inayofanikiwa kufika katika damu mara nyingi huitwa upatikanaji wa kibayolojia, na pengine upatikanaji wa dawa. Katika ofisi zetu upatikanaji wa dawa maana yake ni moja tu: dawa imo katika bohari na zahanati, au haimo. Kila hotuba ya bajeti ya afya hutumia maneno hayo kwa maana hiyo. Afisa atakayesoma kwamba upatikanaji wa kidonge fulani ni asilimia 86 ya kile cha kwanza atadhani ni habari ya ugavi, na huenda akaandika barua ya kuagiza vidonge zaidi. Kuongeza kivumishi cha kibayolojia hakutoshi. Kivumishi hicho ni cha kwanza kuachwa mtu anapofupisha. Tunapendekeza ufikaji damuni. Ni jina lililoundwa kutokana na kitenzi cha kawaida na kielezi cha mahali, haligongani na neno lolote la bohari, na kisa cha Budeprion kinaonyesha kwamba ndilo hasa tendo linalopimwa: dawa ilitoka, je, ilifika?

Kasoro ya sita ni neno sawa. Wataalamu wanaposema dawa mbili ni sawa, wana sharti maalumu la hesabu. Hulinganisha jumla na kilele cha dawa mpya na vya ile ya kwanza. Wala haitoshi wastani kuwa karibu, bali na ukingo wa shaka unaouzunguka wastani huo sharti uwe wote kati ya asilimia 80 na 125. Ndiyo maana asilimia 86 haikukiokoa kile kidonge, ijapokuwa kwa macho iko juu ya 80: ukingo wake wa chini uliteremka chini ya mpaka. Kwa mwananchi, sawa ni sawa, kama kilo moja ya sukari na kilo nyingine. Tunapendekeza neno linganifu, na kwa ukamilifu ulinganifu wa ufikaji damuni. Linganifu halidai kwamba vitu viwili ni kimoja. Linasema kwamba vimewekwa katika mizani na tofauti yao imeonekana ni ndogo ya kuvumilika, na hilo ndilo kweli.

Pamoja na hilo liko jina la dawa zile za bei nafuu zinazotengenezwa baada ya hataza ya kwanza kwisha. Baadhi ya watu huziita dawa za kuiga au nakala. Majina haya yanaziweka kitanda kimoja na dawa bandia, ambazo ni jinai. Wengine wamesema dawa za jina la asili, wakasahau kwamba dawa za asili ni za waganga wa jadi. Kisa tulichokieleza kisimfanye mtu yeyote azidharau dawa hizi kwa jumla. Vidonge vitatu katika vile vinne vilivyopimwa baadaye vilifaulu. Jina la haki ni dawa ya jina la kiambato, mkabala na dawa ya jina la biashara. Bupropioni ni jina la kiambato. Wellbutrin ni jina la biashara.

Mwisho tuguse kidogo neno kipimo. Katika karatasi moja limetumika kwa dozi, kwa uchunguzi wa maabara, na kwa kiwango cha dawa katika damu. Dozi imekwisha kuwa neno la Kiswahili; litumike kwa kile kinachomezwa. Kiwango kitumike kwa kile kilichomo katika damu. Kipimo kibaki kwa uchunguzi.

Maagizo kwa mgonjwa

Yote tuliyoyasema yatakuwa kazi bure kama sentensi moja haikuandikwa vizuri, nayo ni ile ya kumeza. Kidonge cha utokaji polepole kikivunjwa, kikisagwa au kikitafunwa, ule ukuta uliokuwa ukiizuia dawa huondoka, na dawa iliyokusudiwa kutwa kucha hutoka kwa mpigo. Kwa bupropioni, matokeo yake yaweza kuwa degedege. Tafsiri nyingi husema: Inashauriwa kidonge kisivunjwe. Kitenzi cha kutendwa, tena chenye ushauri ndani yake, kimeifanya amri ya usalama ionekane kama adabu ya mezani. Kiswahili kina amri iliyo fupi na yenye heshima: Meza kidonge kizima. Usikivunje, usikisage, usikitafune. Kisha sababu ifuate kwa sentensi moja, maana mtu mzima hutii zaidi jambo alilolielewa.

Kuna na jambo jingine ambalo wafasiri huliruka kwa haya. Ganda la Wellbutrin XL haliyeyuki, na mgonjwa aweza kuliona katika choo chake likiwa na sura ya kidonge. Asipoambiwa, atadhani dawa imepita bure, na yamkini akameza nyingine. Hapa heshima ya lugha haivunjwi na neno choo. Huvunjwa na mgonjwa kuachwa gizani. Iandikwe tu: Ukiona kitu kama kidonge chooni, usiwe na wasiwasi, hilo ni ganda, dawa imekwisha kutoka.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunayaweka mbele ya wasomaji na kamati za istilahi mapendekezo yafuatayo:

Utokaji: kuachana kwa dawa na kidonge.
Kidonge cha utokaji polepole: kidonge kinachotoa dawa kidogo kidogo kwa saa nyingi, kitajwe pamoja na kutwa mara moja au kutwa mara mbili.
Kidonge (au chembe) kifungukiacho utumboni: chenye ganda linalohimili asidi ya tumbo.
Ufyonzwaji: kuingia kwa dawa mwilini kutoka utumboni.
Ufikaji damuni: kasi ya dawa kufika katika damu pamoja na jumla ya kiasi kinachofika.
Kilele: kiwango cha juu kabisa cha dawa katika damu baada ya dozi, saa ya kilele ni muda tangu kumeza hadi hapo.
Ulinganifu wa ufikaji damuni: hali ya dawa mbili kukaribiana kwa kilele na kwa jumla ndani ya mipaka iliyowekwa.
Muda wa kupungua nusu: muda ambao kiwango cha dawa katika damu huteremka kufikia nusu yake. Wapo watumiao nusumaisha na nusu uhai. Kwa somo la fizikia hatuna ugomvi nayo, lakini mgonjwa wa sonona asisomewe habari za nusu ya uhai katika karatasi ya dawa.

Hitimisho

Yawezekana msomaji akauliza kama inafaa kutumia nguvu nyingi kiasi hiki kwa vidonge ambavyo wagonjwa wetu wengi hawajaviona. Jibu letu ni kwamba vidonge vya utokaji polepole si vya sonona peke yake; vimo vya shinikizo la damu, vya kisukari na vya kifafa, na maneno ni yale yale. Istilahi itakayowekwa vibaya leo kwa dawa moja itarithiwa na dawa zote zitakazofuata.

Aidha, kisa cha Marekani kinatufundisha kwamba hata lugha yenye istilahi tele yaweza kumpotosha mgonjwa, iwapo neno moja litabeba maana mbili na wenye elimu wakanyamaza. Kwetu nafasi bado ipo, kwa kuwa mengi ya maneno haya hayajakomaa. Walimu wa afya na wafamasia wanaombwa wayajaribu mapendekezo haya kwa wagonjwa wenyewe kabla ya kuyajadili mezani: wamsomee mtu kifungu, kisha wamwulize ameelewa nini na atafanya nini. Pale atakapojibu vingine, neno lirudishwe kwa Baraza likiwa na maelezo ya jibu hilo.